Makro ya Milimita 100 au Lenzi Ndefu ya Milimita 300: Ipi kwa Wadudu Wanaoelea Mbele ya Maua?

Mtu anayetaka kupiga picha za wadudu wanaoelea mbele ya ua akiomba ushauri wa lenzi, jibu analopewa huwa moja: nunua makro, yaani lenzi ya kukuzia vitu vidogo kwa karibu. Jibu hilo limetokana na picha za wadudu waliotulia, yaani panzi aliyekaa juu ya jani au nyuki aliyezama ndani ya ua la boga, na kwa wadudu wa aina hiyo sina ubishi nalo. Ubishi wangu unaanzia pale mdudu anapokataa kutua. Kwa misimu kadhaa nimepiga picha hizi kwenye bustani za nyumbani Mbeya mjini, kwenye vishamba vya mboga upande wa Uyole na juu ya uwanda wa Kitulo, nikitumia kamera ileile na lenzi mbili tofauti: makro ya milimita 100 na lenzi ya kuvuta ya milimita 70 hadi 300 (namba ikiwa kubwa, lenzi huvuta mbali zaidi). Ninachoandika hapa ni ulinganisho wa hizo mbili kwa kazi hii moja tu, na naeleza mapema kwamba nilianza na makro kwa kuamini nilichoambiwa, lakini leo lenzi inayotoka kwanza kwenye begi langu si hiyo.

Vitabu vya upigaji picha vilivyoandikwa Ulaya huzungumzia machipuko ya Machi na Aprili. Huku nyanda za juu kusini machipuko yetu ni mvua za kwanza. Zikishaanza, kwa kawaida mwezi Novemba, nyasi zilizoungua wakati wa kiangazi huchipua upya, na uwanda wa Kitulo, ambao wengi huuita Bustani ya Mungu, huanza kubadilika rangi wiki hata wiki mpaka Aprili. Mjini mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu bustani inayomwagiliwa huwa na maua hata Septemba, na wadudu hawachelewi kuligundua hilo.

Anayekula hewani na anayetua

Kabla ya kupima lenzi ni lazima tukubaliane tunampiga picha nani, maana neno kuelea linakusanya wadudu wenye tabia zisizofanana. Wa kwanza ni nondo wa mchana wa jenasi ya Macroglossum, hasa Macroglossum trochilus, ambaye watoto wa mtaani kwetu humwita mtoto wa chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua. Si watoto peke yao wanaodanganyika. Watu wazima wenye akili zao wameniita mara mbili tatu nikaone ndege mdogo kuliko wote duniani, na nikafika nikakuta nondo mwenye mkia kama ufagio na mbawa zisizozidi milimita 40 kutoka ncha hadi ncha. Jamaa yake, Cephonodes hylas, ana mbawa zinazopenya mwanga kama kioo, kwa kuwa vumbi linalozifunika anapotoka kwenye pupa hupukutika anaporuka kwa mara ya kwanza. Kiwavi wake hula majani ya mbuni, kwa hiyo katika mkoa wenye kahawa kama Mbeya si mgeni.

Nondo hawa hula wakiwa hewani. Hukunjua mrija uliokuwa umeviringwa chini ya kichwa, huuingiza ndani ya ua, hunyonya mbochi kwa sekunde moja au mbili, kisha huhamia ua la pili bila mguu kugusa kitu. Jambo hili lina matokeo ambayo anayeanza huwa hayafikirii: kati ya kichwa cha nondo na mdomo wa ua pana nafasi, na picha iliyokata nafasi hiyo, au iliyoonyesha nondo bila ua, haisimulii kitu.

Nzi wa maua, wa familia ya Syrphidae, ni habari nyingine. Amejivika mistari ya manjano na meusi hata mtu akadhani ni nyigu, lakini ukimtazama vizuri utamwona ana mbawa mbili tu wakati nyuki na nyigu wana nne. Huyu huelea kwa utulivu kuliko wote, akasimama hewani kama aliyetundikwa kwa uzi, ila akitaka kula hutua. Ukimwona ameelea mahali pamoja kwa muda mrefu, mara nyingi ni dume linalolinda nafasi yake, na likifukuza mpita njia hurudi palepale lilipokuwa. Dume la yule nyuki mkubwa atoboaye mbao za mapaa nalo lina mtindo huohuo. Wapo pia nzi wenye manyoya wa familia ya Bombyliidae, wenye mrija ulionyooka mbele kama sindano, ambao huelea huku miguu ya mbele ikiligusa ua kidogo. Hao ninawaweka katikati, na kwa lenzi ninawahesabu pamoja na nzi wa maua kwa sababu ya udogo wao.

Basi tuna makundi mawili ya kazi: nondo mkubwa kiasi anayekula hewani na asiyekaa, na nzi mdogo anayeelea kisha akatua. Lenzi inayomfaa mmoja inaweza kumkosa mwingine kabisa.

Umbali

Makro ya milimita 100 ikifika ukubwa halisi, yaani mdudu wa milimita 10 akachukua milimita 10 juu ya kihisi cha kamera, yaani kile kibamba kinachopokea picha, mbele ya lenzi hubaki nafasi ya sentimita 13 hadi 15 tu. Ukirudi hadi nusu ya ukubwa halisi unapata kama sentimita 20 na kitu. Kwa robo ya ukubwa halisi unapata karibu 40. Lenzi ya milimita 70 hadi 300, kwa zilizo nyingi, hulenga kuanzia mita 1.5 hivi, nayo kwa umbali huo hufika robo ya ukubwa halisi na kukomea hapo.

Kwa maandishi, makro inaonekana imeshinda, maana ina uwezo mara nne. Lakini tuulize robo hiyo inatosha nini. Kwenye kamera yenye kihisi cha kati, cha upana wa milimita 23.5, robo ya ukubwa halisi huonyesha eneo la takribani milimita 94 kwa 62. Nondo mwenye mbawa za milimita 35, pamoja na mrija wake, pamoja na kichwa cha ua analolinyonya, anaingia humo na nafasi ya kupumua inabaki. Ukimsogelea kwa makro hadi ukubwa halisi, eneo linakuwa dogo kuliko hata mbawa zake. Uwezo ule wa ziada ambao umeulipia hutautumia kwa nondo hata siku moja.

Kinachobaki ni nani anakuwa karibu na nani. Asubuhi moja ya Novemba, saa tatu na nusu hivi, nilijisogeza mbele ya kichaka cha lantana kilichoegemea ukuta wa jirani, makro mkononi, nikiwa nimeinamia kishada kimoja chenye maua ya njano katikati na ya waridi pembeni. Nondo alikuja, akapiga maua manne ya kishada cha juu, akashuka. Nikasogeza lenzi kumfuata. Kivuli cha kofia ya lenzi kikapita juu ya kishada, naye akarudi nyuma hewani kama mtu aliyeguswa bega gizani, akapanda juu ya ukuta, akaenda zake. Nilingoja dakika 20. Aliporudi alianzia upande ule mwingine wa kichaka, nisioweza kuufikia. Siku ya tatu ya mchezo huo nilirudi na lenzi ndefu, nikasimama zaidi ya mita moja kutoka kwenye kichaka, na nondo huyohuyo au ndugu yake akala kishada kizima mbele yangu, ua baada ya ua, kana kwamba mimi ni sehemu ya ukuta.

Mdudu hakuchukii, anachokikimbia ni kitu kikubwa kinachotembea karibu na macho yake, pamoja na kivuli cha ghafla. Kwa sentimita 40 kila mwendo wa mkono wako ni mkubwa machoni pake, na kwa mita moja na zaidi ni mdogo.

Kina cha ukali wa picha

Wapo wanaosema lenzi ndefu ina kina kifupi cha ukali, yaani sehemu nyembamba tu mbele na nyuma ndiyo hutoka kali, kwa hiyo haifai kwa wadudu. Kwa umbali wa karibu hoja hiyo si sahihi: kinachoamua ni ukubwa wa mdudu juu ya kihisi na tundu la lenzi, wala si urefu wa lenzi. Kwa tundu la f/8 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu huwa dogo) na kihisi cha kati, robo ya ukubwa halisi hukupa kina cha takribani milimita 6, nusu hukupa milimita 2 hivi, na ukubwa halisi hukupa pungufu ya milimita 1. Lenzi zote mbili zinatii hesabu hiyo kwa namna moja.

Milimita 6 ndizo zinazofunika jicho, kichwa na mwanzo wa mrija wa nondo, hata akiyumba kidogo mbele na nyuma. Milimita 1 kwa mdudu anayeyumba ni bahati nasibu, na ukipiga picha mia moja ukapata mbili zenye jicho kali umefanya vizuri. Kwa kihisi chenye pikseli milioni 24, robo ya ukubwa halisi humpa nondo wa milimita 35 zaidi ya pikseli 2,200 kwa upana, na hizo zinatosha kuchapa picha ya kutundika ukutani. Nzi wa maua wa milimita 10 atapata 640 tu. Hapo ndipo lenzi ndefu peke yake inaposhindwa, na makro inapodai haki yake.

Kioo cha kukaribisha

Kuna kifaa cha tatu kinachougeuza ulinganisho huu kwa faida ya lenzi ndefu, nacho ni kioo cha kukaribisha kinachofungwa mbele ya lenzi kama kichujio. Kioo chenye nguvu ya diopta 2 hulazimisha lenzi yoyote iliyolengwa mbali kabisa ilenge sentimita 50 mbele ya kioo, hata kama ni ya milimita 100 au 300. Kwa milimita 300 unapata asilimia 60 ya ukubwa halisi. Kwa 150 unapata asilimia 30. Kwa 100 asilimia 20. Maana yake ni kwamba unaweza kusimama palepale, nusu mita kutoka kwenye ua, ukabadilisha ukubwa wa mdudu kwa kuzungusha pete ya kuvuta tu. Makro haina uwezo huo. Ukitaka kubadilisha ukubwa kwa makro, lazima mwili wako wote uende mbele au urudi nyuma, na tumekwisha ona nondo anavyoupokea mwendo huo. Tena kioo hiki hakili mwanga, wakati makro ikifika ukubwa halisi hupoteza kama stopu mbili, yaani mwanga hupungua nusu mara mbili.

Sharti lake ni kwamba kiwe cha tabaka mbili zilizogandishwa pamoja. Mimi nilianza na cha tabaka moja nilichouziwa kwenye duka moja kwa maneno matamu kwamba vyote ni kioo tu, na kila nondo niliyempiga kwa kile kioo alikuwa na utepe wa zambarau upande mmoja wa mwili na wa kijani upande wa pili. Niliporudi kulalamika niliambiwa huo ni urembo wa maua. Pete za kurefusha, zile zinazokaa kati ya kamera na lenzi, sizipendekezi kwa lenzi ndefu: pete ya milimita 25 kwenye lenzi ya 300 huongeza asilimia 8 tu ya ukubwa halisi. Kwa lenzi fupi zina faida kubwa, kwa hii hazina.

Mwanga na mbawa

Nondo wa jenasi ya Macroglossum aliyepimwa zaidi ni yule wa Ulaya, Macroglossum stellatarum, anayepiga mbawa mara 70 hadi 80 kwa sekunde. Nzi wa maua hupiga zaidi ya mara 100. Kwa kasi ya shata ya 1/2000, yaani kamera ikifunguka kwa sehemu hiyo ya sekunde, mwili wa nondo unaganda vizuri lakini ncha za mbawa bado zina ukungu. Kwa 1/4000 ukungu unapungua bila kwisha. Kwa ladha yangu ukungu huo ni mali. Nondo mwenye mbawa zilizoganda kabisa hufanana na aliyechomwa pini kwenye sanduku la makumbusho, na anayeitazama picha hajui kama alikuwa hai. Nataka jicho kali, mrija mkali, ua kali, na mbawa ziwe moshi.

Jua la wazi linakupa nini? Kwa f/8 na ISO 800 (kipimo cha wepesi wa kihisi kuupokea mwanga) unafika 1/3200 bila taabu, na kwa hesabu hiyo lenzi zote mbili zinalingana mpaka unapoikaribisha makro sana. Tatizo la jua letu ni pembe. Mbeya iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta, kwa hiyo katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari jua la adhuhuri hukaa utosini, na mdudu huwa mweupe mgongoni na mweusi tumboni. Mimi hupiga kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi, kisha saa tisa hadi saa kumi na moja. Kabla ya saa tatu, hasa sehemu za juu, huna haja ya kutoka: nondo lazima atetemeshe misuli ya kifua mpaka ipate joto ndipo aweze kuruka, na asubuhi yenye baridi hajisumbui mapema.

Kwa flashi, ushindi ni wa makro, na hapa sitafuti kisingizio. Flashi ya kawaida ikiwekwa kwenye 1/16 ya nguvu yake huwaka kwa muda wa takribani 1/10,000 ya sekunde, na mmweko huo mfupi ndio unaogandisha mbawa, si shata. Ili ubaki na nguvu ndogo hivyo lazima flashi iwe karibu na mdudu. Kwa makro iko sentimita 30 kutoka kwake. Kwa lenzi ndefu iko mita 1.2, yaani mara nne ya umbali, na mwanga unaohitajika ni mara 16. Flashi ikilazimishwa kuwaka kwa nguvu kubwa muda wake unarefuka na mbawa zinarudi kuwa ukungu. Wengine hukimbilia mfumo wa flashi unaokubali shata ya kasi kubwa, lakini ndani ya mfumo huo flashi huwaka mfululizo badala ya kupiga mmweko mmoja, kwa hiyo kazi ya kugandisha inarudi kwa shata. Mwenye kutaka mbawa za Cephonodes zionekane mishipa yake yote, kama kioo cha dirisha kilichochorwa, achukue makro na flashi yenye kitambaa cheupe mbele yake, na akubali kwamba ataharibu siku nyingi kabla ya kupata picha moja.

Uyole na Kitulo

Nzi wa maua nimewapiga zaidi kwenye tuta la giligilani iliyoachwa ikatoa maua, upande wa Uyole. Mkulima hupenda kuing'oa ikifika hapo kwa kuwa majani yamekwisha thamani, lakini akiiacha wiki mbili tu, vile viua vidogo vyeupe vinajaa nzi hawa, na baadhi yao viwavi wao hula vidukari vinavyomsumbua kwenye kabichi. Mahali kama hapo makro inafanya kazi kwa raha. Nzi ametua, anakula, huku akinyoosha na kukunja kiungo cha mdomo chenye umbo la sifongo. Unapiga magoti kwenye mfereji, unasogea polepole kutoka chini ya kiwango cha maua ili kivuli kibaki nyuma yako, na kwa nusu ya ukubwa halisi unahesabu manyoya ya kifua chake. Dume linaloelea hapo juu nalo unaweza kulipata kwa makro, kwa sababu hurudi mahali palepale: lenga kwa mkono, zima ulengaji wa kamera, kisha tikisa mwili taratibu mbele na nyuma huku ukipiga mfululizo. Hata hivyo kioo cha kukaribisha kwa milimita 300 kinanipa picha ileile nikiwa nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, magoti yakiwa makavu.

Kitulo ni shule nyingine. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, eneo la kilomita za mraba 413 kwenye kimo cha karibu mita 2,600 na kuendelea, na ilitengwa hasa kwa ajili ya maua yake. Kwa wenye kutoka Chimala unapanda kwa ile barabara ya kona iitwayo Hamsini na Saba hadi Matamba. Kutoka Mbeya mjini wengine hupitia Isyonje. Orkidi za pale ziliwahi kuchimbwa mno mizizi yake ikapelekwa Zambia kutengenezwa chikanda, chakula cha huko, na leo mgeni hapaswi kukanyaga ovyo. Hapo hoja ya umbali inageuka kuwa ya adabu: ukiwa na makro kila ua unalolitaka linakudai utoke njiani, na kati yako na hilo ua pana mengine kumi. Ukiwa na lenzi ndefu unasimama kwenye njia.

Upepo nao haukomi. Anayeanza hufikiri upepo ni adui mkubwa kwa sababu ua linayumba, lakini nondo ana kipaji cha kulifuata ua linaloyumba, akaenda nalo kushoto na kulia huku mrija ukiwa ndani. Ukiwa na eneo pana la robo ya ukubwa halisi, ua na nondo huyumba pamoja ndani ya picha. Ukiwa umekaza kwa makro, wote wawili wanatoka. Ukungu wa mlimani ndio unaonishinda: ukishuka, mwanga unapungua stopu tatu au zaidi, ISO inaruka hadi 6400 kwa shata ileile, na nondo wenyewe wanaacha kuruka. Wakati huo hakuna lenzi bora; kuna chai ya tangawizi kwenye chupa.

Jambo dogo la matunzo ambalo limenigharimu: ukishuka kutoka Kitulo na lenzi yenye baridi ukaifungua kwenye joto la Chimala, unyevu hukaa mbele ya kioo mara moja, na kama umeacha kioo cha kukaribisha kimefungwa, unyevu hunaswa kati yake na lenzi ambako kitambaa hakifiki. Kifungue kabla ya kushuka, na begi liache limefungwa mpaka lizoee joto. Kwa wanaoishi Tukuyu, ambako mvua ni nyingi kuliko sehemu kubwa ya nchi, kuvu ya ndani ya lenzi haichagui makro wala ndefu.

Yaliyobaki, kwa kifupi

Mandhari ya nyuma ya mdudu ni safi zaidi kwa lenzi ndefu, kwa kuwa inaona pembe nyembamba. Makro katika bustani ya nyumbani itakuonyesha ukuta, bomba na kanga iliyoanikwa. Uzito haupishani sana. Kwa bei, lenzi ya kuvuta iliyotumika hupatikana kwa unafuu kuliko makro iliyotumika, na mara nyingi mtu anayo tayari aliyoinunua kwa ajili ya harusi au wanyama wa Ruaha, hivyo anachohitaji kuongeza ni kioo cha kukaribisha peke yake. Ikague ukali wake kwa umbali wa karibu kabisa inaoweza kulenga kabla ya kutoa fedha, maana nyingi huwa nzuri kwa mbali na dhaifu karibu. Zikibanwa hadi f/8 hujirekebisha. Simu haifai kwa nondo, kwa vile inataka kusogea karibu kuliko hata makro, lakini video yake ya mwendo wa pole ya picha 240 kwa sekunde itakufundisha njia anayopita kutoka ua hadi ua, na somo hilo lina faida kwa lenzi yoyote.

Kwa hiyo, kwa mtu wa Mbeya au Iringa mwenye fedha ya kifaa kimoja na hamu ya nondo wanaokula hewani, ninapendekeza lenzi inayofika milimita 300 pamoja na kioo cha diopta 2 cha tabaka mbili, f/8, shata kati ya 1/2000 na 1/4000, na ua moja lililochaguliwa na kungojewa badala ya mdudu kufukuzwa. Kwa mwenye kupenda nzi wa maua, nyuki na kila kinachotua, au anayekusudia kufanya kazi na flashi kwa bidii, makro ni chaguo halali na hatajuta. Kuwa nazo zote mbili ni anasa. Mimi ninazo, na makro hukaa kabatini sehemu kubwa ya msimu wa maua, ikatoka mvua zikiisha na wadudu wakipungua.

Yupo mmoja anayezishinda zote mbili mchana kutwa kwa kuwa mchana haonekani. Agrius convolvuli, ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu, hutoka giza linapoingia, kama saa moja jioni, na kuyaendea yale maua meupe ya tarumbeta yanayoning'inia kwenye nyua za mashamba. Mrija wake unakaribia sentimita 10, kwa hiyo yeye na ua lake wanahitaji eneo la sentimita 20 na zaidi. Kwake ninavuta lenzi hadi milimita 100 bila kioo chochote, ninalenga mdomo wa ua kwa tochi ndogo wakati bado pana mwanga wa kuonea, ninaizima, naiweka flashi juu ya kijiti karibu na ua badala ya juu ya kamera, kisha ninasikiliza. Husikika kabla ya kuonekana, kama feni ndogo inayowashwa upande wa pili wa ua.